Sura ya 6: Pikipiki Inapojizima Yenyewe

Fundi aliyekulia kwenye injini za petroli akiletewa pikipiki ya umeme iliyozimia mlimani, hutafuta kwanza kilichokatika. Anavuta waya mmoja mmoja, anagonga kifuniko cha mota, anazungusha gurudumu kwa mkono. Kila kitu kizima. Anaiwasha, inawaka bila kinyongo, inapanda mita mia mbili, inazimia palepale. Hapo wengi huilaumu betri na kuagiza nyingine, na mara nyingi ile mpya nayo huzimia palepale.

Mara nyingi hakuna kilichokatika. Ndani ya pikipiki hiyo mna kompyuta ndogo mbili: moja kwenye kontrola, yaani kisanduku kinachogawia mota umeme, na nyingine ndani ya betri, kazi yake kuzichunga seli. Zote mbili zimepewa mipaka. Joto lisipite hapa, volti zisishuke chini ya pale, ampea zisizidi kiasi fulani. Mpaka ukivukwa, umeme unapunguzwa au unakatwa kabisa, na hakuna anayemwomba dereva ruhusa. Kwa mtu aliye katikati ya mwinuko na mguu mmoja chini, pikipiki iliyoharibika na pikipiki inayojilinda hazina tofauti. Kwa anayeijaribu, kuzitofautisha hizo mbili ndiyo kazi yenyewe, na karibu kila kosa la gharama ninalolijua katika fani hii lilianzia pale mtu alipotibu ulinzi akidhani ni ubovu, au alipoupuuza ubovu akidhani ni ulinzi.

Ukitaka vyote viwili vijitokeze upesi, Busasamana ni mahali pazuri pa kuanzia. Ni sekta ya wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda, kaskazini ya mji wa Gisenyi, ikipakana na Kongo. Gisenyi, pale ufukweni mwa Ziwa Kivu, iko kwenye mita 1,460 hivi kutoka usawa wa bahari. Huku juu unakaribia mita 2,000, na kwingine unazipita. Udongo ni mweusi wa volkeno. Mawe ya lava, ambayo wenyeji huyaita amakoro, yamepangwa kuta kuzunguka mashamba ya viazi, na yaliyobaki yametapakaa njiani, makali, mepesi, yakihama chini ya tairi. Ng'ambo ya mpaka, ukipitia Kabuhanga, ni Kibumba, ambako watu hushusha mboga na viazi hadi Goma kwa chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili lisilo na pedeli wala mota, lenye breki ya kipande cha tairi kuukuu kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma. Anayedai kuwa magurudumu mawili hayaiwezi milima hii akasimame Kibumba asubuhi moja.

Mwinuko kutoka usawa wa bahari ndio unaotajwa kwanza na kila muuzaji. Injini ya petroli hupoteza karibu asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita elfu moja unazopanda, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi. Kwenye mita 2,000 sehemu moja ya tano imekwenda. Mota ya umeme haivuti pumzi, basi haipotezi chochote. Ni kweli tupu. Kisichotajwa ni kwamba hewa hiyohiyo nyepesi ndiyo inayotegemewa kuipoza mota na kontrola, na kwa urefu huo uzito wake umepungua kwa takriban asilimia 18. Nguvu unazo zote. Mahali pa kutupa joto lake ndipo palipopungua.

Pikipiki za umeme za matopeni si za jana. Kampuni ya Zero ilianzishwa California mwaka 2006 na Neal Saiki, mhandisi aliyewahi kufanya kazi NASA, na ilianza na pikipiki ya porini kabla ya kugeukia barabara. Alta, nayo ya California, ilitengeneza Redshift, ikaheshimiwa kwenye motokrosi, kisha ikafunga milango mwaka 2018. Stark ya Barcelona ilizindua Varg mwaka 2021, ikiwa na nguvu farasi 80. Oktoba 2023 Honda waliingiza CR Electric Proto kwenye mashindano ya ubingwa wa Japani, ikiendeshwa na Mmarekani Trey Canard; yaani waliipeleka pikipiki ya majaribio mbele ya watu, ikimbizane na za petroli.

Kwetu ujuzi huu umekulia kwenye teksi za pikipiki. Ampersand walianza kazi Kigali mwaka 2019, wakiwapa madereva betri za kubadilishana vituoni, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa jijini humo zinatakiwa ziwe za umeme. Opibus, ambayo sasa inaitwa Roam, ilianzia Nairobi mwaka 2017, ikabadili magari ya safari yawe ya umeme kabla ya kuunda pikipiki yake. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch waliitoa Roam Air moja Nairobi wakaifikisha Afrika Kusini, kilomita 6,000 hivi, wakiichaji kwa jua. Motari wa Kigali anayepanda na kushuka siku nzima akiwa na abiria nyuma anaijaribu pikipiki kwa namna ambayo maabara haiwezi kuiiga.

Ila teksi na pikipiki ya mashindano hazina shida moja. Teksi inataka nguvu kidogo kwa saa nyingi. Ya mashindano inataka nguvu nyingi mno kwa sekunde chache, kisha tena, kisha tena. Ile Varg ikitoa nguvu zake zote bila kupumzika, kilowati 60 hivi, betri yake ya kilowati-saa 6.5 itakwisha kwa dakika sita na nusu. Hakuna anayeendesha hivyo, kwa kuwa kona na mirukio humlazimu kuachia, lakini hesabu hiyo inaonyesha ukingo ulivyo karibu.

Majaribio huanza gurudumu la nyuma likiwa hewani. Pikipiki imewekwa juu ya stendi, ampea zimebanwa ziwe kidogo kabisa, na mtu anachomoa waya za ekseleta moja moja huku mota ikizunguka taratibu. Wageni huona ni mzaha. Ekseleta ya umeme ina waya tatu: moja inaleta volti tano, ya pili inarudi, na ya tatu inabeba ishara, ambayo kwa kawaida huanzia kama volti 0.8 mkono ukiwa umeachia hadi kama 4.2 mkono ukiwa umekaza. Waya ya kwanza ikikatika, ishara inaanguka sifuri na mota inasimama. Ikikatika ile ya kurudi, ishara inapanda hadi karibu volti tano, na kontrola ambayo haikufundishwa kuishuku namba hiyo itaisoma kuwa dereva anataka mwendo wote. Kitu kama hicho ukigundue gurudumu likiwa hewani, si ukiwa umekabiliana na ukuta wa mawe wa shamba la mtu.

Kisha ndipo mlima.

Tuchukue pikipiki ya majaribio ya kiasi: yenyewe pamoja na dereva na kofia yake kilo 190, betri ya seli 14 zilizofuatana, ikijaa volti 58.8, na ulinzi umewekwa ukate volti zikifika 42. Inapanda vizuri betri ikiwa imejaa. Ikifika nusu, kila dereva akikaza mkono mlimani inakata ghafla. Akiachia na kuwasha upya, inarudi kana kwamba haikuwa na neno. Kioo kinaonyesha asilimia 50. Dereva anaapa kuwa kioo kinasema uongo.

Kioo kinasema kweli. Kila betri ina ukinzani wa ndani, na huu wa mfano wetu tuseme ni omu 0.05. Ukivuta ampea 200, volti kumi zinapotelea humohumo ndani. Betri iliyo nusu ikiwa imepumzika ina volti 51 hivi. Ondoa kumi, unabaki na 41, na ulinzi unakata. Mkono ukiachia, ampea hazipo, volti zinarudi 51, na kila anayepima na multimita pikipiki ikiwa imesimama ataandika kwamba betri ni nzima. Hapo pana funzo la kiufundi ambalo waundaji wakubwa walilitii mapema: Redshift ya Alta ilitumia volti kama 350, kwa kuwa volti zikiwa nyingi ampea zinapungua kwa nguvu ileile, na ampea ndizo zinazoleta balaa.

Dalili ya pili inafanana na hiyo kwa mbali. Pikipiki haikati, inachoka. Dakika ya tatu ya mlima nguvu zinaanza kunywea, ya tano unapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na kuzima na kuwasha hakusaidii hadi upumzike kivulini. Hilo ni joto, kwenye mota au kwenye kontrola. Kinachowashangaza wengi ni kwamba kupanda polepole kunachemsha kuliko kupanda haraka. Mwinuko wa asilimia 20 unadai msukumo uleule uwe unakwenda kilomita 30 kwa saa au 8. Msukumo uleule maana yake ni ampea zilezile kwenye nyaya za mota, na joto lilelile kila sekunde. Lakini kupanda mita 300 za wima kwa mwendo wa 30 kunachukua dakika tatu, na kwa 8 kunachukua zaidi ya dakika kumi na moja, bila upepo wa maana kwenye kifuniko. Dereva mwoga juu ya mawe ya Busasamana atauchemsha mtambo ambao dereva jasiri aliurudisha ukiwa vuguvugu. Kabla ya kununua mota kubwa, badilisha sproketi ya mbele: ukitoka meno 14 kwenda 12 ampea za mlimani zinapungua kwa sehemu moja ya saba, na kwa kuwa joto hufuata mraba wa ampea, lenyewe linapungua kwa zaidi ya robo. Utapoteza mwendo wa kasi ambao kwenye njia hizi huna pa kuutumia.

Sasa ile ya tatu, ambayo ndiyo inayonifurahisha kuliko zote, kwa sababu ni ubovu halisi uliovaa nguo za ulinzi. Pikipiki inakata kama ile ya kwanza, ila wiki hii inaanza betri ikiwa juu kidogo ya nusu, wiki ijayo inaanza mapema zaidi. Volti zinapotea mahali. Chukua multimita, weka kipimo cha volti ndogo, gusa ncha moja upande huu wa plagi kubwa ya betri na ncha nyingine upande wa pili, halafu mtu akaze mkono huku gurudumu limezuiwa au pikipiki ikipanda na waya za kupimia zimefungwa kwa utepe wa gundi. Plagi nzima itaonyesha sehemu ndogo ya volti, isiyofaa hata kuandikwa. Mbovu itaonyesha 0.4. Namba hiyo inaonekana ya kudharauliwa, lakini 0.4 mara ampea 200 ni wati 80 zinazoungua ndani ya kitu kisichozidi kidole gumba. Ukiifungua utakuta shaba imegeuka rangi ya chai na plastiki imeanza kulegea. Joto hilo linalegeza springi ya plagi, springi iliyolegea inaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto, na mwisho wake ni moshi. Mitetemo ya mawe ndiyo iliyoanzisha mambo. Betri ingebadilishwa mara tatu kabla mtu hajaitazama plagi ya bei ya chakula cha mchana.

Baridi nayo inavuruga ushahidi. Seli za lithiamu zikiwa baridi ukinzani wake unapanda, basi alfajiri huku juu pikipiki hukata kwa volti, na saa saba mchana pikipiki hiyohiyo huchoka kwa joto. Timu isiyoandika saa na joto la betri itajadiliana kutwa nzima juu ya magonjwa mawili ikidhani ni moja. Ndiyo maana kila jaribio linahitaji kumbukumbu inayorekodi volti, ampea, joto la mota, la kontrola na la seli mara kadhaa kila sekunde, na pembeni yake daftari ambamo dereva anaeleza mkono wake ulihisi nini. Halafu badilisha kitu kimoja tu kabla ya kupanda tena. Kanuni hii kila mtu anaijua, na huvunjwa kila siku ifikapo saa kumi, mvua ikinukia na watu wana njaa.

Kushuka kuna hatari yake ya pekee, na Busasamana inaifichua kwa sababu vijiji viko juu. Mota ya umeme ikishushwa mlima hugeuka jenereta: inashika gurudumu kama breki na kurudisha umeme kwenye betri. Dereva anaizoea upesi, mkono wake unasahau breki ya nyuma. Lakini umeichaji pikipiki usiku juu kijijini, imejaa pomoni, na asubuhi unaanza kwa kushuka. Betri haina pa kuweka umeme huo. Volti zinapanda, ulinzi unakata, na breki uliyoizoea inatoweka katikati ya mteremko bila onyo. Hakuna kilichoharibika, mtambo umefanya ulivyoagizwa, na mtu yuko ndani ya mtaro. Dawa yake ni kuchaji isizidi asilimia 90 unapoanzia juu, au kuandika programu inayopunguza ushikaji huo kidogokidogo kadiri betri inavyokaribia kujaa, ili mkono upate habari mapema.

Zipo kero ndogo zinazokula muda mwingi kuliko hizi kubwa. Pikipiki inayokwama kwa vishindo mwanzo wa mwendo na kutulia ikishika kasi kwa kawaida imepoteza ishara ya kihisi kinachoiambia kontrola mota imefika wapi katika mzunguko wake. Ikifanya hivyo hendeli ikikatwa kushoto tu, usifungue mota. Fuata waya shingoni mwa fremu, zimevutika. Mchanga nao una visa vyake. Pitisha sumaku ya spika kuukuu kwenye mchanga mweusi wa njia hizi na itatoka na ndevu, kwa kuwa udongo wa volkeno una chembe za magnetaiti. Chembe hizo hujikusanya kwenye kihisi cha mwendo cha gurudumu la nyuma hadi kioo kinaonyesha mwendo wa ajabu, na zikipita sili ya mota zinakwenda moja kwa moja kwenye sumaku zenyewe, mahali ambapo hakuna upepo utakaozitoa. Maji yana mlango wake: mota iliyochemka ikitumbukia ghafla kwenye dimbwi la baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuyavuta maji kupitia sili ambayo ingeyazuia siku nyingine yoyote. Kitundu cha kupumulia chenye utando usiopitisha maji kinaondoa tatizo hilo.

Na kwa kuwa mashine hii haina sauti, watu wa huku hawaisikii ikija. Njia za Busasamana ni barabara za watoto wa shule na wanawake wenye viazi kichwani. Pikipiki ya petroli hujipigia hodi kutoka kilima cha pili. Hii ya umeme inahitaji njia iliyofungwa, ruhusa ya viongozi wa sekta, na mtu kwenye kila kona mwenye filimbi. Faida ya ukimya huo ni ya fundi: unasikia cheni ikilia, beringi ikianza kusaga, bolti iliyolegea ikigonga kifuniko.

Yakishakusanywa yote haya, linabaki swali ambalo pikipiki ya teksi hailiulizi kamwe: mipaka ipi ya ulinzi ilegezwe kwa ajili ya mbio? Teksi inatakiwa idumu miaka. Ya mashindano inatakiwa imalize, na ikiungua dakika moja baada ya bendera, baadhi ya wenye timu watacheka. Mota inaruhusu mazungumzo. Vanishi nzuri ya nyaya zake inavumilia nyuzi 180, na sumaku za daraja linalofaa zinafika 150, basi ulinzi uliowekwa 120 kwa tahadhari ya siku za mwanzo unaweza kusogezwa hadi 140, mradi kihisi kimewekwa ndani ya nyaya zenyewe na si juu ya kifuniko, ambako joto huchelewa kufika. Kontrola ina mazungumzo machache kuliko mota, maana vipande vyake hufa papo kwa papo bila kuugua.

Kwenye seli mazungumzo yanakwisha. Watengenezaji wengi huweka nyuzi 60 kuwa ukomo wa kutumia, na seli iliyozidishwa sana huweza kuanza kujichemsha yenyewe, ikaiwasha ya jirani, na moto huo hauzimwi kwa ndoo moja ya maji. Wapo wanaoufuta ulinzi huo kwa laptopu usiku wa kuamkia mashindano. Kwenye timu ambayo ningeisimamia, nywila ya betri angekaa nayo mtu mmoja, naye asiwe dereva.